Moshi wa Jukwaani: Sigara na Kibadala Chake katika Michezo ya Kuigiza ya Shinyanga na Geita

Katika michezo ya kuigiza inayoonyeshwa mashuleni na katika vikundi vya sanaa vya Shinyanga na Geita, kuna kitu kimoja kidogo kinachopita mikononi mwa wahusika mara kwa mara, nacho hakijapata kujadiliwa ipasavyo na wahakiki wetu. Kitu hicho ni sigara. Mhakiki huandika juu ya dhamira, migogoro na matumizi ya lugha, nayo sigara humwachia mwongozaji wa mchezo. Mwongozaji naye humwachia mwanafunzi aliyepewa nafasi ya mlevi au ya tajiri, na mwanafunzi huyo huenda dukani akanunua sigara. Hivyo jambo ambalo lingepaswa kuamuliwa na sanaa huamuliwa na mwenye duka.

Tuanze na swali la nani huvuta. Anayehudhuria michezo hii kwa miaka michache tu hupata orodha fupi: bwana mkubwa wa ofisini, mwenye tumbo kubwa na fimbo; kijana wa mjini aliyerudi kijijini na miwani myeusi; mwizi; mnunuzi wa dhahabu; na mwanamke wa kilabu cha pombe. Orodha hii ni ya zamani. Imetokana na vichekesho vya vikundi vya utamaduni vilivyovuma katika miaka ya 1970 na 1980, ambavyo vililazimika kumjulisha mtazamaji tabia ya mhusika kabla hajafungua kinywa. Kichekesho cha dakika kumi hakina nafasi ya kumjenga mtu polepole. Lakini mchezo wa saa nzima una nafasi hiyo, na bado waandishi wetu hutumia lebo ile ile. Hasa tunalaumu jinsi sigara inavyopachikwa katika vidole vya mwanamke. Katika michezo mingi ya kuelimisha juu ya UKIMWI iliyotungwa tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya vijiji vya wachimbaji, mwanamke akiwasha sigara, hadhira hujua papo hapo kwamba ataambukiza watu na atakufa kabla ya mchezo kwisha. Mwandishi hajasema lolote kuhusu maisha yake, wala alikotoka, wala kilichomleta machimboni. Sigara imefanya kazi ambayo mwandishi alikuwa amelipwa kuifanya.

Huo ni upande wa fani. Upande wa pili ni wa mwili wa mwigizaji, nao ni mzito zaidi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inayosimamia bidhaa za tumbaku imekataza kuwauzia sigara watoto walio chini ya umri wa miaka 18, na imezuia uvutaji katika sehemu kadhaa za hadhara. Wengi wa waigizaji wa shule zetu za sekondari hawajafikisha umri huo. Mwalimu anayemwagiza mwanafunzi wa kidato cha pili ajifunze kuvuta ili mchezo upendeze, na majuma matatu ya mazoezi yakapita kwa namna hiyo, amemfundisha jambo ambalo halitafutika siku pazia litakaposhuka. Nikotini haijui tofauti kati ya mazoezi na maisha. Tumepata kumwona mvulana wa shule moja (hatutaitaja) akipongezwa kwa makofi kwa sababu alivuta “kama mtu mzima hasa”. Na baada ya onyesho tulimkuta nyuma ya darasa akiendelea na ustadi wake huo, wala hapakuwa na hadhira.

Tena tukumbuke ni hadhira gani inayoketi mbele ya michezo hii. Geita ni nchi ya dhahabu tangu zamani: mgodi wake wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi wa sasa wa shimo la wazi ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pembeni yake wapo wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko, wanaoshuka katika maduara kwa kamba, wanaosaga mawe kwa karasha, na wanaochoma zebaki ili wapate dhahabu. Vumbi la mwamba wenye silika huingia mapafuni na kuyakwaruza kwa miaka, na mapafu yaliyoharibiwa hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi. Sigara huongeza madhara juu ya madhara. Basi kikundi cha sanaa kinapokwenda machimboni kuonyesha mchezo juu ya kifua kikuu, na shujaa wa mchezo huo akasimama katikati ya uwanja akivuta sigara ya kweli kwa madaha, wachimbaji wanaondoka na mafundisho mawili yanayopingana. Lile lililosemwa kwa mdomo litasahaulika kwanza.

Kwa hiyo kibadala kinahitajika. Lakini mara tunaposema hivyo tunapingwa, na pingamizi hili halitoki kwa wavivu. Wapo walimu na wasanii wa Usukumani wanaosema: watu wetu hawataki mfano wa kitu, wanataka kitu chenyewe. Tazameni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambapo makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja na umati huhamia upande unaowavutia zaidi. Tazameni Bayeye, chama cha wacheza nyoka na waganga wa sumu ya nyoka, wanaoingia uwanjani na nyoka hai. Je, mtu aliyelelewa akiona chatu wa kweli akizungushwa shingoni, ataridhika na karatasi iliyosokotwa ikaitwa sigara? Atacheka, na akicheka katika tukio la huzuni mchezo umekufa.

Hoja hii ina nguvu, na anayeipuuza hajui hadhira ya kanda hii. Lakini imechanganya mambo mawili. Nyoka wa Bayeye ni wa kweli kwa sababu ndiye jambo lenyewe linalopimwa. Watu wamekuja kuona kama dawa ya mcheza ngoma ina nguvu na kama moyo wake ni thabiti. Nyoka wa mpira angeondoa mtihani, na mtihani ukiondoka hakuna onyesho. Mwigizaji wa mchimba dhahabu anapovuta sigara, hakuna anayepima kama anaweza kuvuta. Yeyote anaweza. Linalopimwa ni kama tunamwamini kuwa mchimbaji.

Isitoshe, uwanja huo huo wa ngoma una mifano ya vibadala ambayo wapinzani wetu hawaitaji. Katika mashindano ya Wasukuma zilitumika sanamu za mbao zenye umbo la binadamu, nyingine zikiwa na mikono inayochezeshwa, nazo zilivuta umati kama nyoka walivyovuta. Hakuna aliyelalamika kwamba sanamu si mtu. Na katika bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe ni ya kweli lakini shamba halipo. Wachezaji hurusha jembe, hulidaka, hulima hewa kwa mdundo mmoja, na mtazamaji huona udongo ukipinduka. Msimuliaji wa hadithi naye, jioni, hugeuza fimbo yake kuwa bunduki, kisha mtumbwi, kisha mkia wa fisi. Japani wana sanaa ya msimuliaji anayeketi peke yake jukwaani akiwa na kipepeo cha kukunja, na kipepeo hicho huwa kalamu, huwa vijiti vya kulia, huwa kiko cha tumbaku. Hadhira yao, ambayo nayo ina desturi ndefu ya sanaa, haijapata kudai moshi.

Tukifika kwenye moshi, yafaa tuseme jambo la kawaida kabisa ambalo hushangaza kwamba halizingatiwi. Michezo yetu mingi huonyeshwa nje, mchana, chini ya mwembe au katika uwanja wa mpira, na upepo wa nyanda za Shinyanga unajulikana. Moshi wa sigara katika mwanga wa saa nane hauonekani na mtu aliyeketi safu ya nne. Kinachoonekana ni kiwiko kinavyopanda, vidole vinavyobana, kichwa kinavyoinama kukinga kiberiti dhidi ya upepo, na mabega yanavyoshuka baada ya pumzi ya kwanza. Hayo yote ni kazi ya mwili wa mwigizaji, nayo yanapatikana kwa kijiti cha muhogo mkavu sawasawa na yanavyopatikana kwa sigara ya dukani. Mwigizaji aliyevuta pafu la kweli kwa ajili ya safu ya nne amejidhuru bure.

Basi tamaa hii ya moshi imetoka wapi? Kwa maoni yetu imetoka katika sinema. Kamera husogea hadi usoni, taa humulika kutoka nyuma, na moshi hupanda polepole kama wazo la mhusika. Vijana waliokua wakitazama filamu za Marekani na za India walijifunza kwamba mtu anayefikiri huvuta. Jumba la maonyesho lenye giza na taa za umeme, kama ukumbi wa Nkrumah katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, linaweza kwa kiasi fulani kuiga jambo hilo. Uwanja wa shule ya Kahama hauwezi, wala hauna haja. Tumebeba tatizo la nyumba ya mtu mwingine tukalileta kwetu, pamoja na gharama zake. Brecht wa Ujerumani, ambaye waandishi wetu wa miaka ya 1960 na 1970 walimsoma sana, alitamani watazamaji wake ndio wavute sigara, ili waketi kama watu walio katika ngumi na kuupima mchezo kwa akili iliyotulia. Tunalitaja kama jambo la kuchekesha kidogo. Hatulipendekezi kwa ukumbi wa shule.

Mataifa yenye majumba hayo yamehangaika na jambo hili hadi mahakamani. Uskoti ilipokataza uvutaji mahali pa umma mwaka 2006, haikuwaachia waigizaji nafasi yoyote, na katika tamasha la Edinburgh la mwaka huo mwigizaji Mel Smith, aliyekuwa akimwigiza Churchill, alitishia kuwasha sigara kubwa jukwaani. Uingereza yenyewe, mwaka 2007, iliruhusu mwigizaji avute wakati wa onyesho pale ambapo ukamilifu wa sanaa unahitaji, lakini si wakati wa mazoezi. Katika jimbo la Colorado huko Marekani, vikundi vya maonyesho vilidai kwamba kukataza sigara jukwaani ni kukataza kauli. Mahakama kuu ya jimbo ilikataa dai lao mwaka 2009, hata kwa sigara za majani yasiyo tumbaku. Tunaona kwamba hoja ya wasanii wa Colorado haikuwa ya kipuuzi, kwa maana tendo jukwaani ni kauli kweli. Lakini kauli ya mwigizaji inaposemwa kwa mapafu ya jirani yake, jirani ana haki ya kuulizwa.

Sasa tuvitazame vibadala vyenyewe, kwa kuwa navyo vina makosa yake. Kinachotumika zaidi mashuleni ni karatasi ya daftari iliyoviringishwa na kutiwa unga wa chaki au unga wa sembe. Mwigizaji hupuliza nje, vumbi jeupe likaruka, na kwa mbali huonekana kama moshi. Kibadala hiki kina ukomo: kinafanya kazi mara moja au mbili, kisha kimekwisha, na mwigizaji anayeendelea kukipuliza huonekana anapuliza filimbi mbovu. Hatari yake ni kwamba mwigizaji mwenye wasiwasi husahau, akavuta badala ya kupuliza, akapaliwa mbele ya watu. Ni kinaya pia kumlisha vumbi kijana katika mchezo unaoonya juu ya vumbi la machimbo.

Kibadala cha pili ni majani makavu, ya mpapai au ya miti mingine, yaliyosokotwa na kuwashwa. Wengi huamini kwamba kwa kuwa si tumbaku hayana madhara. Imani hiyo si sahihi. Jani lolote likichomwa hutoa lami na hewa ya kaboni monoksidi; majani hayo yamepungukiwa na nikotini tu. Sigara za mitishamba zinazouzwa ng’ambo kwa ajili ya waigizaji, za minti, za waridi na kadhalika, ziko katika hali hiyo hiyo. Nazo sigara za umeme, ambazo baadhi ya vikundi vya mijini vimeanza kuzitumia, nyingi zina nikotini ndani yake, na mvuke wake mwingi mweupe humfanya mchimbaji wa Rwamgasa aonekane kama gari la moshi. Tena kila kinachowashwa kwa kiberiti chini ya paa la makuti au turubai kinahitaji ndoo ya maji pembeni, na ndoo hiyo hatujaiona mara nyingi.

Kosa la vibadala hivi vyote ni moja: vinaiga umbo la sigara na kusahau kazi yake. Sigara jukwaani inafanya nini? Hapo ndipo mwandishi na mwongozaji wangeanzia. Tuchukue tukio la wachimbaji wanne waliokaa mdomoni mwa duara baada ya zamu, wakimngoja mwenzao wa tano ambaye bado yu chini, na matimba yamelia. Mmoja ana sigara moja. Katika mchezo wa kawaida ataiwasha, atavuta, atatazama mbali, na sisi tutachoka. Lakini tufikiri kwamba ameichomeka nyuma ya sikio tangu asubuhi, na hadhira imeiona muda wote. Sasa anaitoa. Anaivunja vipande viwili, anatoa kimoja. Anakitazama kilichobaki, anakivunja tena. Vipande vinapita mkononi kwa watu wanne, na kipande kimoja kinawekwa juu ya jiwe, cha yule aliye chini. Hakuna anayewasha. Hadhira imeelewa ujira wao, udugu wao, na hofu yao, na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyeigiza amerudi nyumbani na pumzi yake kamili. Sigara hiyo yaweza kuwa ya karatasi, yaweza kuwa ya kijiti. Kwa kweli ni bora isiwe ya dukani, kwa sababu pakiti yenye jina la kampuni ikionekana jukwaani, mchezo umegeuka tangazo la biashara ambalo kampuni haikulilipia.

Pengine msomaji atasema kwamba tumeandika tukio letu wenyewe ili tushinde hoja. Basi na tutazame kazi zilizokwisha kuwapo. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, imejengwa juu ya maji yanayodaiwa kugeuza risasi. Maji ya jukwaani ni ya bomba, na kila mtu anajua. Lakini hakuna mtazamaji aliyetaka maji yenye dawa. Uzito wake unatoka katika jinsi wahusika wanavyoyapokea. Katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba, ambayo wanafunzi wengi wa sekondari wameisoma, karatasi za hesabu ya watu zinateketezwa kwa moto. Mwongozaji wa shule hana haja ya kuwasha moto darasani ili tuone hasara hiyo. Uso wa Ngoswe utatosha, kama mwigizaji wa Ngoswe amefundishwa.

Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni wa Malya, katika wilaya ya Kwimba, kijiji kilicho kwenye reli kati ya Shinyanga na Mwanza. Mnamo miaka ya 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa hapo ili wananchi wenyewe wachunguze matatizo yao, yakiwemo ya mimba za wasichana, na kuyatungia maonyesho. Walitumia ngoma na nyimbo zilizokuwapo kijijini. Tunachotaka walimu wakione katika mfano huo ni chanzo cha vifaa. Sanaa ilitoka katika miili na sauti za watu wa mahali pale, na hivyo haikuhitaji duka. Wasukuma wana wigashe, ambayo huimbwa watu wakiwa wameketi. Mwendo ni wa mikono na kiwiliwili tu, na katika ufinyu huo mkono mmoja ukiinuliwa unaonekana na umma mzima. Mwigizaji aliyelelewa katika wigashe anajua tayari namna ya kushika sigara isiyokuwapo. Ni mwalimu wake anayehitaji kushawishika.

Hatusemi kwamba tumbaku ifutwe katika michezo yetu kana kwamba haipo katika maisha. Kahama na Ushetu hulima tumbaku. Urambo, jirani yao wa Tabora, ilianza kuilima baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa. Kuna familia zilizosomesha watoto kwa zao hilo, na kuna miti mingi iliyokatwa ili kulikausha. Huo ni mgogoro wa kweli kabisa wa kitamthilia: mkulima ambaye jani lake linamlisha yeye na kumdhuru mwingine. Tungefurahi kuona mwandishi wa kanda hii akiuandika. Katika mchezo kama huo jani lenyewe, likiwa bichi au kavu, lililofungwa katika mtumba, lina haki ya kuwapo jukwaani kama jembe lilivyo na haki katika bugobogobo, kwa kuwa hapo ndilo jambo lenyewe. Hata hivyo halina sababu ya kuwashwa.

Limebaki suala la kiko cha mzee. Katika michezo ya kihistoria, mzee wa ukoo huketi kwenye kigoda na kiko chake, na waongozaji wengine, kwa kuogopa lawama, wamekiondoa na kumpa mzee usinga au kutompa kitu kabisa. Hapo tunaona woga umezidi. Kiko kitupu, kisichotiwa tumbaku, hakimdhuru mtu. Mzee anaweza kukigonga kwenye mguu wa kigoda kabla ya kutoa hukumu. Anaweza kukinyoosha kumwelekea kijana anayebishana. Anaweza kukitafuta mfukoni kwa muda mrefu wakati baraza linangoja neno lake, akakipata, akakitazama, akakirudisha.